Ripoti Nzuri ya Mtoto Asiyekuwapo

Mliniletea keki, mkanivisha leso mbili mabegani, na mmoja wenu akaniambia, "Madam Halima, tuandikie basi kumbukumbu zako uziweke kwenye grupu ya walimu, hata kama ni fupi." Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba nikichoka niiambie tu mashine mambo mawili matatu nayo itanimalizia. Nilimtazama nikaona hatanii. Basi nimekaa hapa nyumbani Majengo, Thika, kalamu mkononi, na naandika mwenyewe. Mkiona makosa, ni yangu.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyeo vilichelewa na mshahara uliisha kabla ya mwezi, na hayo hamhitaji mstaafu awaambie. Nataka kuzungumza juu ya ripoti za watoto, hasa ripoti moja, kwa sababu ndiyo iliyofanya nistaafu na uchungu ambao hata keki yenu haikuutuliza.

Nilianza kufundisha katika shule moja ya Kamenu, si mbali na hapa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana tangu nyumbani. Mwalimu mkuu alinipeleka hadi darasa la tano, akafungua mlango, akasema, "Huyu ndiye mwalimu wenu," akaenda zake. Watoto walisimama wakaimba salamu, kisha wakabaki wamesimama. Nami nikabaki nimesimama. Tulitazamana hivyo mpaka msichana wa dawati la mbele akaninong'oneza, "Mwalimu, sema tukae." Nikasema wakae. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa kazini, na aliyenifundisha alikuwa na pengo la meno mawili.

Darasa la pili kutoka langu lilikuwa la Mwalimu Kibe, mzee mwembamba wa sweta moja la kijani mwaka mzima. Alifundisha hesabu na hakuwa mtu wa maneno. Muhula ulipokaribia kuisha, tukapewa ripoti za kujaza, zile za kadi ngumu. Mnayajua maoni yenyewe: Ongeza bidii. Amejaribu. Anaweza kufanya vyema zaidi. Walimu walikuwa wamekaa ofisini na chai, mikono inaandika na midomo inazungumza habari ya mazishi ya mtu. Kabla sijaandika hata moja, Kibe aliniambia, "Hebu wewe kuja uone."

Ripoti za darasa lake hakuziandikia ofisini. Alizibeba mpaka darasani, akaketi, akawa anaita mtoto mmoja mmoja. Mtoto anakuja anasimama kando ya meza. Kibe anamtazama kwanza, kuanzia viatu. Anamuuliza swali moja au mawili, ndipo anaandika. Akimaliza anamgeuzia mtoto kadi asome kwa sauti, na mtoto akiona si kweli ana ruhusa ya kusema si kweli. Siku hiyo kijana mmoja alisoma, akasema, "Mwalimu, mimi si mvivu. Huwa nachelewa juu nachotea cucu maji." Kibe akaikata ile sentensi, akaandika nyingine juu yake, ya maji ya nyanya yake. Kadi zake zilienda nyumbani zimejaa mikato ya wino, na mwalimu mkuu alikuwa akizitazama kama mtu aliyeletewa sahani chafu.

Kibe aliita kazi hiyo kusimamisha. Aliniambia, "Halima, ukishika kalamu na uso wa mtoto haujakujia, weka kalamu chini uende umtafute." Chuoni nilifundishwa mengi, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Nikashika mtindo huo. Watu walinicheka, wakasema napoteza muda, na kweli muda ulikuwa unaenda. Lakini kuna mtoto aliyekuwa ameitwa mjinga muhula mzima, na nilipomgeuzia kadi asome, akaipeleka mpaka ncha ya pua. Ai! Kumbe mtoto haoni ubao. Mamake, aliyeuza mitumba sokoni, akampeleka hospitali, akarudi na miwani mikubwa kama ya mzee wa kanisa. Muhula uliofuata mtoto huyo akawa ananisahihisha mimi nikikosea ubaoni, kwa sauti, bila huruma yoyote. Tulikuwa karibu kumpa maoni ya "Ongeza bidii". Bidii gani, na macho hana?

Maoni ya "vuta soksi", yaani ongeza bidii kwa Kiswahili cha Kiingereza, niliacha mapema. Guka mmoja wa Kamenu alikuja shuleni na jozi mpya kabisa, akaiweka mezani pangu, akaniambia soksi za mjukuu wake zimeshashughulikiwa, sasa anangoja kuona hesabu ikipanda. Sikucheka mbele yake. Yule mzee alikuwa amesoma kila neno nililoandika na akalifanyia kazi. Muwe mnakumbuka hilo: kuna watu huko nyumbani wanasoma.

Baadaye nilihamishiwa Ruiru. Shule yenyewe sitaitaja, nyinyi mnaijua kwa maana wengi wenu bado mko huko. Mji ulikuwa umeanza kufura. Leo kiwanja, kesho ghorofa, kesho kutwa watoto wa ghorofa nzima wako mlangoni kwako na mabegi. Ruiru mtoto ni wa landilodi kwanza, halafu ndiyo wa shule. Kodi ikiwashinda wazazi, Jumatatu yuko kwako, Ijumaa anasoma Juja au hasomi popote. Ndiyo maana Ruiru mtoto akikosekana watu hawashtuki. Wanasema, "Wamehama," na somo linaendelea.

Kisha ukaja mtaala mpya. Alama za zamani zikaondoka, tukapewa maneno: amezidi matarajio, ametimiza, anakaribia, yuko chini. Kila somo lilitaka maoni yake, kila mtoto, kila muhula, na picha za ushahidi juu ya hayo. Kwa darasa lililojaa mpaka mlangoni, mwalimu angeandika mpaka vidole vife ganzi. Siwalaumu waliotafuta njia ya mkato. Nawaambia tu njia hiyo ilitupeleka wapi.

Aliyenionyesha mashine kwa mara ya kwanza ni Mwalimu Kelvin. Alikuwa kijana wa kandarasi, anafundisha sayansi, na ni mwalimu mzuri. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu yeye mwenyewe atasoma hapa, na tulishasemezana yote ya kusemezana. Alinijia na simu wakati wa chai. "Madam, hii kitu inakusaidia vibaya sana. Iulize chochote." Wengine wanaiita akili unde, wengine akili mnemba. Mimi nikaiita mashine, na mpaka leo naiita hivyo.

Msije mkasema Halima aliichukia. Niliitumia. Niliiomba kifungu cha ufahamu kuhusu soko la Thika, ikaniandikia habari tamu sana ya wavuvi wakivuta nyavu ufuoni. Ufuo wa Thika! Labda mto ukifurika. Nikakata wavuvi, nikaweka akina mama wa nanasi, lakini maswali niliyaacha kwa sababu yalikuwa mazuri kuliko ya kitabu. Hivyo ndivyo nilivyoitumia: niliipa kazi ambayo ningeweza kuikagua kwa macho yangu mwenyewe. Majina ya watoto sikuyaingiza kamwe. Sikujua yanaenda wapi, na waliokuwa wananihimiza niyaingize nao hawakujua, ila wao hawakujali kutojua.

Muhula mmoja, wa pili katika mwaka wangu wa mwisho, mwalimu mkuu alirudi kutoka kwa mkutano fulani uso unang'aa. Akatuambia shida ya maoni imekwisha. Kila mwalimu wa darasa ataingiza jina na alama kwenye mtandao wa shule, mashine itaandika maoni yenyewe, na ripoti itaingia moja kwa moja kwenye simu ya mzazi. Akatusomea mfano. Nitasema ukweli, kilikuwa Kiswahili safi, cha kupendeza, sentensi zimepigwa pasi. Mimi ninayefundisha Kiswahili nilikionea wivu. Lakini huyo mtoto aliyesifiwa pale hakuwa na viatu, hakuwa na pengo la meno, hakuwa mtoto wa mtu.

Mwalimu mmoja akauliza, "Na kama mtoto hana alama? Huo mtandao, ukiacha nafasi wazi, unakataa kutuma darasa lote."

Mwalimu mkuu akasema, "Weka za muhula uliopita. Tutarekebisha baadaye."

Nikanyoosha mkono. "Na kama hana alama kwa sababu hayuko?"

"Madam Halima, kama hayuko, si mzazi angesema?"

Watu wakacheka, kwa maana yeye alicheka. Kikao kikaisha. Nikachukua Gredi ya Sita yangu nikawasimamisha mmoja mmoja kama kawaida, nikachelewa kuleta ripoti, nikasemwa. Nilizoea kusemwa.

Sasa niwajulishe mtoto mwenyewe. Niliwahi kumfundisha Ciru akiwa Gredi ya Sita. Mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, akisoma hadithi anaigiza kila mtu, hata mbuzi. Mamake alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, akamwacha na tata yake, yaani dada wa huyo mama, katika nyumba ya kupanga hapo Ruiru. Siku nilipomsimamisha Ciru nilimwandikia: "Anasoma vizuri. Anamngoja mamake." Akasoma, akatazama chini, akasema, "Ni kweli." Mamake aliniomba namba ya simu baada ya ripoti hiyo, na tukawa tunasalimiana sikukuu zinapokuja. Ciru akaendelea na masomo, mpaka wakati ninaousimulia akawa Gredi ya Nane, ng'ambo ya uwanja, darasa la Kelvin.

Muhula wa tatu ulikuwa umefunguliwa juzi tu, nikapata ujumbe wa sauti. "Madam Halima, ni Mama Ciru. Habari ya siku nyingi? Nimechelewa kukushukuru. Nilipata ile ripoti ya Ciru ya muhula umeisha. Madam, nililia. Wanasema anashiriki kikamilifu darasani na ni mfano wa kuigwa na wenzake. Nikasema, huyu ni Madam Halima alianzisha hii kazi. Mungu akubariki sana." Nyuma ya sauti yake nilisikia vyombo vikioshwa.

Nilifurahi, kwa nini niwadanganye? Mapumziko yalipofika nikavuka uwanja nikampongeze mtoto. Nikasimama mlangoni mwa Gredi ya Nane, nikatafuta kile kichwa kirefu. Sikukiona. Nikauliza, "Ciru yuko wapi?"

Wasichana wakatazamana. Mmoja akasema, "Ciru yupi, Madam? Ciru wa kuigiza mbuzi? Huyo haonekaningi. Tangu term ya kwanza iishe."

"Alihama shule?"

"Sijui, Madam. Hakuaga."

Nikamfuata Kelvin ofisini. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia, "Mwalimu Kelvin, uso wa Ciru unao?"

Akachukua simu aifungue.

"Wacha simu. Nakuuliza uso."

Nilimwona akiutafuta. Chai ilibaki kati ya meza na mdomo. Kisha akaweka kikombe chini polepole. "Madam, watu walisema wamehama. Ule mtandao ukakataa kutuma. Nikaweka za term ya kwanza, na hiyo kitu ikaandika yenyewe. Sikuisoma, Madam. Zilikuwa nyingi."

Jumamosi tukaenda kuwatafuta, mimi na yeye. Jirani wao wa zamani alikuwa ametuambia wamehamia Kalimoni. Tuliwapata kwenye nyumba za mabati kando ya shamba la mahindi. Ciru alikuwa anafua, mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Alituona akasimama wima kama tuko darasani, povu likimtiririka mikononi.

Tata yake, Mama Brayo, alitoka na kiti kimoja akanipa mimi. Kelvin akabaki amesimama. Nikamuuliza yule mama, kwa heshima lakini moto ukiniwaka kifuani, "Mama Brayo, mtoto amekaa nyumbani muhula mzima, na hukusema?"

"Na nyinyi je?" akanijibu. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. "Madam, mimi nina huyu mtoto mdogo, bwana alienda, na nikikosa kufungua kibanda asubuhi hatuli. Nilisema Ciru anisaidie wiki moja. Nikakaa na uongo wangu tayari, shule ikipiga niseme ni mgonjwa. Hamkupiga. Wiki ya pili nikatengeneza mwingine. Hamkupiga. Halafu ripoti ikaingia kwa simu, anaendelea vizuri. Nikasema basi, kama shule imeridhika, mimi ni nani? Nikamtumia dadangu."

Niliwahi kujibizana na wazazi walevi, na wazazi matajiri, ambao ni wabaya zaidi. Mama huyu nilimpisha kiti chake akae. Kelvin alikuwa anatazama mahindi.

Nikamgeukia Ciru. "Na wewe? Mamako si anakupigia? Kwa nini hukumwambia?"

Akaipangusa mikono kwa sketi. "Mathe alikuwa anakuja December, Madam. Alikuwa amesema hasaini contract tena, anarudi, tukae wote. Nikasema nitavumilia mpaka akuje. Sasa akasoma hiyo ripoti. Akanipigia analia na furaha. Akasema kama naendelea hivyo, acha aongeze miaka mingine miwili anitafutie shule ya maana ya senior." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Alikuwa ashasaini tayari. Ningemwambia nini?"

Hebu fikirini, wallahi. Mama amekaa nchi ya watu, pasipoti imefungiwa kabatini mwa mwajiri, anangoja siku ya kurudi kwa mwanawe. Sentensi tatu zilizopigwa pasi, ambazo hazikuandikwa na mtu wala kusomwa na mwalimu, zikamwambia mtoto wako yuko salama, endelea kukaa. Naye akakaa. Mtu akiniambia mashine haina madhara, ni ya kuandika tu, namkumbuka Ciru na lile povu.

Nikamwambia Ciru, "Jumatatu urudi shule. Ya mama yako tutayashughulikia."

Alinitazama bila dharau yoyote, kama mtu anayeuliza njia. "Kufanya nini, Madam? Si hata sikuwako, na nikafaulu?"

Nililia njiani kurudi na sikujificha.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla hajafika. Nikamweleza yote. Nikamwomba shule impigie yule mama, imwambie ripoti haikuwa ya kweli, na tukague watoto wengine waliowekewa alama za muhula uliopita, maana Ciru hawezi kuwa peke yake. Akakuna kidevu. Akaniambia suala hilo ni nyeti, kuna jina la shule, na wazazi wa siku hizi wanaenda mitandaoni kabla ya kuja ofisini. "Tutairekebisha kwenye system, Madam. Wewe umebakisha muhula mmoja. Malizia kwa amani."

Na kweli alirekebisha. Kesho yake Kelvin alinionyesha: ripoti ya Ciru ilikuwa imefutwa, kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Mtoto hakuwa amefaulu, hakuwa amekosekana, na sisi hatukuwa tumekosa. Wale wengine hakuna aliyewakagua. Nilikagua niliowajua, nikapata baadhi wamehama kweli, na baadhi sijui mpaka leo wako wapi. Kama kuna mmoja wenu anayejua, anipigie.

Mama Ciru tulimpigia sisi, mimi na Kelvin, kutoka nyumbani kwangu. Nilimweleza polepole. Hakunikatiza. Kisha akasema, "Madam, huku ukishatia sahihi haitoki."

Kelvin akaomba simu. "Mama, naitwa Kelvin. Ni mimi mwalimu wa darasa. Nisamehe, ni mimi nilituma."

Yule mama akamwambia, "Uliniandikia vizuri sana, mwalimu."

Hakuwa anamsimanga. Ingekuwa afadhali angemtukana. Kijana wa watu alishika kichwa akakaa hivyo, nami nikaenda jikoni kuweka chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Ciru alirudi. Mamake alizungumza na Mama Brayo, wakapatana na cucu mmoja wa jirani amshike yule mtoto mchana. Asubuhi alikuwa anatoka Kalimoni giza halijaisha, na kwa wiki za kwanza alikuwa akilala darasani, na Kelvin akamwacha alale. Kuigiza mbuzi hakuigiza tena. Muhula ulipoisha, Kelvin alibeba kiti na karatasi mpaka darasani bila mtu kumwambia. Mashine alikuwa ameitumia kupanga maswali ya marudio, na akayakagua moja moja, hilo nililiona. Lakini maoni aliandika kwa mkono. Akamwita Ciru wa kwanza. Akamtazama kuanzia viatu. Akaandika: "Amerudi. Yuko nyuma sana katika sayansi na hesabu, na anajua yuko nyuma." Akamgeuzia karatasi. Ciru akasoma kwa sauti, akasema, "Ni kweli," akaenda kukaa. Kelvin alipiga picha karatasi ile akamtumia mamake. Mamake aliisoma. Hakujibu.

Mimi ningependa kuishia hapo. Lakini mliniandalia sherehe.

Mnakumbuka, ilikuwa siku ya kufunga. Watoto walipangwa uwanjani, mahema yakawekwa, soda zikaletwa. Mwalimu mkuu akasimama, akatoa simu mfukoni, akavaa miwani. Akasoma hotuba nzuri. Ilisema nimejitolea kwa moyo mkunjufu. Ilisema nimeilea kwaya ya shule, mimi ambaye sijawahi kuimba mbele ya watu isipokuwa kumbembeleza mtoto wangu. Kisha akafika hapa, na nanukuu kwa sababu sentensi hiyo ninaijua kwa moyo tangu ujumbe wa Mama Ciru: "Mwalimu Halima anashiriki kikamilifu na ni mfano wa kuigwa na wenzake." Mlipiga makofi. Wengine mlisimama. Nilimtafuta Kelvin kwa macho, nikamwona anatazama viatu vyake.

Nilikata keki, nikalisha niliotakiwa kuwalisha, nikapiga picha na kila aliyetaka. Watu walipoanza kutawanyika, Ciru alikuja akanibebea zawadi mpaka getini. Akaniwekea mzigo chini, akanitengenezea leso begani iliyokuwa inateleza, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake pole:

"Madam, kumbe hata wewe hukuwako."